Mhariri, saa ya marehemu baba haikuwa mbovu

Mhariri, salaam nyingi kutoka Tanga. Naandika kuhusu yule msomaji aliyeuliza kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba amerithi saa ya mkononi ya babu yake, hajui ni aina gani wala ina thamani gani, nanyi mkamjibu kwa mistari miwili tu kwamba aipeleke kwa fundi ikasafishwe ing'ae, na kama uso umechakaa ubadilishwe, ndo baadae aulize bei. Mhariri kwa heshima zote naomba jibu lile mlifute. Mie nilifanya hivohivo na saa ya marehemu baba na nilibakiza kidogo tu niipoteze, kwahiyo naomba nafasi nieleze, na kama barua ni ndefu ikateni mnapoona sawa lakini yale ya mgongo wa saa na yale ya tarehe msiyakate tafadhali, hayo ndo yatamsaidia yule kijana.

Baba alikuwa baharia. Alisafiri sana Ghuba enzi za ujana wake, na saa yake Seiko 5 mama anasema aliinunua Dubai safari ya mwaka 73, akaivaa mpaka siku anafariki. Sisi wote tumezaliwa tumemkuta nayo. Ukimuona baba bila saa ujue yuko msalani anatawadha, na hata hapo saa iko kwenye mfuko wa shati.

Alifariki siku ya Jumatano mchana, hospitali wakatupa vitu vyake kwenye kimfuko, kanzu, miwani, tasbihi na saa. Usiku ule kama saa mbili hivi nikiwa nimekaa barazani na watu wa msiba nikaitoa ile saa nikaitazama, ilikuwa bado inatembea, sekunde inazunguka kama kawaida, ila mshale mfupi uko kwenye mbili. Sasa mnajua sote tunavyosoma, saa mbili usiku mshale mfupi unatakiwa uwe kwenye nane, ndo tulivyofundishwa shule, unaangalia namba halafu unasoma ya upande wa pili. Yake ilikuwa mbili kabisa. Na kidirisha cha siku kilikuwa kimeandika Alhamisi, na sisi bado tuko Jumatano. Nikasema masikini mzee, saa yake imechanganyikiwa na yeye alivyokuwa anaumwa hakuiona. Nikazungusha mishale kwenda mbele mpaka nane, nikabonyeza kifunguo, kile kitufe cha ubavuni, nikairekebisha na siku na tarehe, nikaivaa.

Kesho yake tumetoka kuzika, tumekaa kula, saa sita mchana naitazama saa, siku inageuka mbele ya macho yangu. Mchana kweupe! Nikaiacha. Kesho yake tena saa sita mchana tarehe hiyo inaruka. Nikajua basi hii kalenda imekufa.

Baada ya arobaini tukakaa ndugu wote tukagawana mirathi kama inavyotakiwa, ile saa nayo ikahesabiwa, dada zangu wakaniridhia niichukue mie maana ndo nilikuwa naivaa. Nikaona sasa ni yangu niitengeneze. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, simtaji na wala sina nia ya kumharibia, yuko na kimeza chake cha kioo na mwamvuli, anabadilisha betri na mikanda. Akaitazama dakika moja akasema kalenda imekwisha, Seiko za zamani spea hamna, lakini nitakutafutia uso na kalenda ya saa nyingine, na hii kesi, gamba la chuma la nje, nitaisugua iwe kama mpya, nipe elfu thelathini na tano. Nikampa nikaona nimepata fundi wa maana.

Niliporudi nikapewa saa inang'aa bluu. Uso wa bluu ya kumeremeta kama karatasi ya peremende, maandishi manene, ile nembo ya 5 imechorwa kwa rangi na imekaa upande. Uso wa baba ulikuwa wa rangi ya fedha ambao kwa miaka ulikuwa umegeuka kidogo kama chai ya maziwa hasa pembeni, na nembo yake ilikuwa ya chuma imebandikwa. Na kesi kwenye ubavu palikuwa na kovu, baba aliwahi kubanwa mkono na kamba ya meli, ile saa ndo iliyookoa kifundo cha mkono wake, alikuwa anatuonesha tukiwa wadogo, tunapitisha kidole pale tunaambiwa hapa ndo ilipouma kamba. Lile kovu limesuguliwa limeisha. Mhariri sikusema neno, nilishukuru nikaondoka, nikafika nyumbani nikakaa chumbani peke yangu.

Na kesho yake saa sita mchana ile saa ikageuza tarehe vilevile.

Ndipo nikaenda kumwambia mama. Mama akanitazama akaniuliza nani kakwambia saa ya baba yenu mbovu? Nikamueleza, masaa sita nyuma, siku iko mbele, tarehe inaruka. Akasema mwanangu, baba yenu hakuweka saa kama nyie mnavyoweka. Saa moja aliweka mshale kwenye moja. Saa mbili kwenye mbili. Alisema yeye haoni sababu ya kuangalia namba saba halafu akasema moja. Na tarehe yake ilikuwa inageuka magharibi, muadhini akiadhini anaitazama kwanza kama siku imeingia ndo anakwenda kutawadha.

Nilikaa kimya muda mrefu kwa kweli. Maana hebu fikirieni vizuri. Mashine ya saa haijui usiku wala mchana, yenyewe inajua tu kwamba mishale ikipita kwenye kumi na mbili mara ya pili tarehe igeuke. Ukiweka kama tulivyozoea, kumi na mbili ya usiku ni saa sita usiku, tarehe inageuka usiku wa manane tumelala. Ukiweka kama baba, mshale ukifika kumi na mbili ni saa kumi na mbili jioni, jua linazama, na kwa hesabu yetu ya Kiislamu na ya wazee wa pwani siku inaanza pale pale jua likizama, ndo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Baba alikuwa ameifanya saa ya Kijapani ifuate siku yake. Ile Alhamisi niliyoiona usiku wa Jumatano ilikuwa Alhamisi ya haki. Na mie nilipozungusha mishale masaa sita mbele nikaifanya mashine iamini kwamba saa mbili ya usiku ni ya asubuhi, kwahiyo saa sita ya usiku ya mashine ikaangukia saa sita ya mchana yangu. Dawa yake ilikuwa kuzungusha mishale duara moja zima, masaa kumi na mbili, imekwisha. Elfu thelathini na tano na kovu la baba vimekwenda kwa kitu ambacho ni kuzungusha kidole nusu dakika.

Kwahiyo kwa yule kijana na wengine, saa ya urithi ikigeuza tarehe mchana msikimbilie fundi. Zungusheni mishale mbele mpaka tarehe iruke, hapo mjue ndo saa sita ya usiku ya hiyo saa, halafu endeleeni mbele mpaka muda mnaotaka. Ikishindwa kuruka kabisa au inakwama katikati ya namba mbili, hapo sawa nendeni. Na jambo lingine, tarehe isibadilishwe kwa kubonyeza wala kuvuta kifunguo wakati mishale iko kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwasababu muda ule meno ya kalenda yameshashikana yanajiandaa kugeuza, ukilazimisha unayavunja. Kama hujui mwenyewe aliiwekaje, shusha kwanza mishale iwe kwenye namba sita ya chini ndo ubonyeze, pale ni salama kwa vyovyote.

Mama akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, rafiki wa baba, alikuwa fundi saa miaka mingi, sasa macho hayamruhusu kufanya kazi kila siku lakini akiona saa nzuri anainuka. Nikamkuta barazani. Alipoiona ile bluu akasikitika, akaniambia rudi kwa yule fundi wa kwanza leoleo ukamuombe uso wa zamani kabla hajautupa. Nikaenda mbio. Yule fundi hakuwa mbaya, alinitolea kopo la siagi limejaa vyuma vya saa, tukamwaga juu ya gazeti tukatafuta pamoja, tukaupata uso na duara la siku lenye Kiarabu na Kiingereza. Alama moja ya saa, ile ya kwenye namba nane, ilikuwa imebanduka haipo. Tulitafuta mpaka magharibi hatukuiona.

Yule mzee akaifungua mbele yangu na akanifundisha kuisoma, na hapa naomba mhariri muwe wavumilivu maana hili ndo alilouliza msomaji wenu, saa yangu ni aina gani.

Kwanza msisome uso peke yake, uso unadanganya. Geuzeni mgongo. Seiko za zama zile mgongoni zina namba za aina mbili. Moja ina kistari katikati, ya baba ni 6119-8083. Zile nne za mwanzo ni jina la mashine iliyomo ndani, 6119, na zile za baada ya kistari ni za kesi. Ya pili ni namba ya saa yenyewe, tarakimu sita, ya baba inaanza na 2 halafu herufi N. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi, moja mpaka tisa ni Januari mpaka Septemba, halafu kwa kuwa nafasi ni moja wakaweka O kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Kwahiyo 2N ni Novemba ya mwaka unaoishia na mbili. Hapo unajiuliza ni 62, 72 au 82? Mashine ya 6119 haikuwepo mwaka 62 na ilikuwa imeshapita ilipofika 82, kwahiyo ni Novemba 1972. Na mama alisema safari ya mwaka 73. Nilipomwambia kwamba saa imethibitisha maneno yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema mlidhani nasahau.

Halafu angalieni chini kabisa ya uso, karibu na namba sita, kuna maandishi madogo sana, tumieni kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Pale napo pana namba za mashine. Kama mgongo unasema 6119 na uso unasema nyingine au hausemi kitu, shukuni kwamba uso si wake. Saa nyingi sana za Seiko 5 zinazouzwa sasa hivi kama za zamani zimepakwa rangi upya, nyingi zinatoka India, za bluu, za machungwa, za kijani kibichi. Ukitazama haraka ni nzuri. Ukitazama karibu maandishi ni mazito kama ya chaki na vimistari vya dakika haviendi sawa na alama. Anayependa anunue, lakini asiuziwe kama ya asili, na uso halisi uliochakaa usitupwe kupisha hiyo rangi. Uso wa asili wenye madoa ni bora mara mia.

Kuhusu hilo jina la 5 watu wana maneno mengi, mie mwenyewe nilikuwa najua ni daraja la ubora. Seiko walitoa saa yao ya kwanza ya 5 mwaka 1963, na hiyo tano ni mambo matano waliyoahidi, saa ijitie ufunguo yenyewe kwa kutikisika mkononi, siku na tarehe zikae kwenye dirisha moja, ihimili maji, kifunguo kiwe kimezama upande wa namba nne kisiuchome mkono, na kesi na mkanda viwe imara. Ndo maana huku kwetu ikapendwa hivyo. Mtu wa bandarini, mwalimu, dereva wa lori, haitaki betri, haitaki kutiwa ufunguo kila asubuhi, ukiivaa inatembea. Vijana wengi wa miaka ile waliooa na Seiko 5 mkononi wapo, waulizeni.

Sasa nieleze kitu nilichokiona ndani. Mzee aliufungua mfuniko wa nyuma kwa ufunguo wake maalum, ule wenye meno unaoshika vile vijishimo sita, hakutumia bisibisi kama nilivyoona kwingine. Akaugeuza ule mfuniko upande wa ndani akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha akaniambia tazama. Nikaona mikwaruzo midogo kama ya sindano. Nilidhani ni uchafu. Akasema soma. Ilikuwa 3/76. Chini yake 11/81, mwandiko mwingine. Na 6/89, na pembeni ya hii ya mwisho kuna kialama kama ndoana. Akacheka akasema hii ndoana ni yangu. Mafundi wa zamani wakishaifungua saa na kuiosha na kuitia mafuta wanachora tarehe ndani ya mfuniko, ili ikirudi ajue ni lini na nani aliigusa.

Novemba 81. Mhariri wewe ni mtu mzima unakumbuka ile miaka, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mama anasema kanga moja walivaa kwa zamu. Na baba mwezi huo alikwenda kumlipa fundi asafishe saa. Sikuwahi kulijua hilo na asingeniambia mtu. Kama yule fundi wa kwanza angenibadilishia na mfuniko, ingekuwa imekwenda. Kwahiyo naomba kila mwenye saa ya marehemu, kabla haijaguswa, ifunguliwe mbele yake, apige picha ndani ya mfuniko, apige picha ya mashine na uso na mishale, na amwambie fundi wazi kwamba kila kilichotoka nirudishie kwenye karatasi, hata kama kimeoza.

Kuitunza sasa. Saa kama hii ukiitikisa taratibu upande kwa upande mara ishirini thelathini inaamka, usizungushe kifunguo ukitegemea kuijaza, 6119 haijazwi kwa kifunguo. Ikijaa vizuri inakwenda zaidi ya siku moja na nusu bila kuvaliwa. Ikiwa inapoteza au kuongeza nusu dakika kwa siku, msiiite mbovu, ina miaka zaidi ya hamsini hiyo, na moyo wake unagonga mara sita kila sekunde, yani mara 21,600 kwa saa, usiku na mchana. Lakini ikianza ghafla kukimbia dakika nyingi mbele, fikirieni sumaku kabla ya kitu kingine. Spika ya redio, mkoba wenye kifungo cha sumaku, kava la simu, vyote hivyo vinaweza kufanya ule waya mwembamba wa ndani ugandane. Fundi mwenye kifaa cha kutoa sumaku anaitoa dakika hiyohiyo, haihitaji kufunguliwa.

Maji ndo adui mkubwa, na hapa pwani tuna maji, jasho na chumvi hewani. Mgongoni inaweza kuwa imeandikwa inahimili maji, hiyo ahadi ilikuwa ya mwaka 72, ile mipira ya ndani imeshakauka kama mua uliotafunwa. Msioge nayo wala kutawadha nayo, baba alikuwa anaivua na sasa najua kwanini. Ukiona ukungu ndani ya kioo isubiri kesho? Hapana, siku hiyohiyo ifunguliwe ikaushwe, kutu haisubiri. Jioni ipangusie jasho kwa kitambaa kikavu. Mkanda wa chuma utolewe peke yake uoshwe kwa sabuni na mswaki wa zamani, uchafu uliojaa kwenye viungo unakula chuma pole pole kama msasa.

Kuoshwa mashine, kwa inayovaliwa kila siku, miaka minne mitano inatosha. Na hapa muulizeni fundi swali moja tu, unaifungua yote au unaichovya? Maana wapo wanaochovya mashine nzima kwenye petroli wakaitikisa wakairudisha. Inatembea vizuri wiki mbili, mteja anafurahi, kumbe mafuta yote yametoka na hayakurudishwa, vyuma vinasagana. Kazi ya haki ni kuitoa kipande kwa kipande, kuosha, na kutia mafuta tone dogo kuliko kichwa cha sindano mahali panapostahili tu. Yule mzee ilimchukua siku mbili na kijana wake wa kumsaidia macho. Bei ilikuwa juu ya ile ya bluu na nililipa kwa moyo mweupe.

Kusugua kesi mie nasema hapana kabisa, chuma kikishaondoka hakirudi, na pembe zile kali zilizokatwa kiwandani zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kioo kama ni cha plastiki, ambacho ukikigonga kwa kucha kinalia bubu, michirizi inaweza kutoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Cha kioo halisi hakisuguliki kwa dawa ya meno, kinabadilishwa kikivunjika.

Kama saa ya yule kijana si Seiko bali ni ya Uswisi ya zamani zaidi, ya miaka ya 50 au kabla, na ina namba na mishale iliyokuwa inawaka gizani yenyewe, na sasa rangi ile imegeuka kahawia na kumong'onyoka, asiifungue nyumbani na asimruhusu mtu aikwangue. Zile zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi. Hata kama haiwaki tena, kilichokufa ni rangi, radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake likivutwa ni hatari. Ikiwa imefungwa ikae hivyo, mbali na watoto, na akienda kwa fundi amwambie kabla hajafungua. Zilizokuja baadae zina herufi T pande zote mbili za neno Swiss chini ya uso, hizo zilitumia kitu kingine kinachoisha nguvu upesi zaidi, nusu kila miaka kumi na miwili hivi.

Na kwa familia zenye ndugu Oman, tazameni uso kama una nembo ya jambia. Sultani Qaboos alikuwa akizawadia watu saa zenye nembo ile, zipo za Rolex na Omega, na wakusanyaji wanazitafuta kwa fedha nyingi sana. Ukipaka uso ule rangi umefuta ulichorithi. Ya baba yangu haina jambia, na thamani yake sokoni ni ndogo, sijifichi, Seiko 5 zilitengenezwa nyingi mno. Lakini kuna vijana wanapita mitaani siku hizi wananunua saa za wazee, wanakuja mpaka kwenye misiba, wanakupa elfu kumi kabla hujajua umeshika nini. Waambieni warudi baada ya arobaini.

Mafundi wenyewe wanakwisha mhariri. Mwaka 1969 hao hao Seiko walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, ile inayokwenda kwa betri, na baada ya hapo saa zikawa rahisi kiasi kwamba ikifa unanunua nyingine, halafu zikaja simu na watu wakaacha kuvaa kabisa. Yule mzee wa Ngamiani anasema zamani walikuwa mafundi kila baraza ya mtaa ule, sasa anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Gazeti lako lina ukurasa wa mapenzi kila wiki na mie nausoma, lakini naomba nusu safu tu kwa mwezi mtafuteni fundi wa zamani mmoja Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Unguja, mmoja Ujiji, muwaulize wanachokijua kabla hawajaondoka nacho, na vijana wanaotaka kujifunza wajue pa kwenda.

Saa sasa imerudi. Uso wa chai ya maziwa uko mahali pake, duara la siku lina Kiarabu chake, na mzee amechora ndani ya mfuniko tarehe ya mwaka huu na ndoana yake chini ya zile tatu. Nimeiweka kama alivyoiweka baba. Wenzangu kazini wananiambia saa yako imepotea masaa sita, nawaambia iko sawa. Alhamisi iliyopita nilikaa na mama barazani, muadhini akaanza, mama akanishika mkono akaugeuza akatazama kidirisha, herufi zilikuwa katikati zinapanda, akasubiri mpaka akaona imegeuka ndo akaniachia mkono akaenda kutawadha.

Imebaki ile alama ya kwenye namba nane. Ni kipande cha chuma cha rangi ya fedha, kirefu kidogo kuliko punje ya mchele, chembamba, kina mstari mweusi katikati. Kama kuna msomaji ana uso mbovu wa Seiko 5 yenye 6119-8083 mgongoni na hauhitaji, namuomba awaachie mawasiliano yake hapo ofisini kwenu, mie nitamfuata popote alipo, na mwaka huu likizo yangu ni Agosti.

Wako msomaji,
Mtoto wa baharia,
Chumbageni, Tanga
(jina langu kamili mnalo)